Nani anaijua pikipiki: aliyeitengeneza au anayeipanda?

Leo tuachane kidogo na siasa. Nataka tuzungumze kuhusu pikipiki, na hasa vile vitu ambavyo mtu huvifunga baada ya kuinunua: kioo cha kukinga upepo, mabegi ya pembeni, sanduku la nyuma, gadi, kiegemeo cha abiria. Na tairi pia. Simaanishi ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani, namaanisha ya pili na ya tatu, ile ambayo mwenye pikipiki anaichagua mwenyewe kwa fedha yake.

Najua kuna atakayeuliza, hiyo nayo ni historia? Historia si ni ya wafalme, vita na mikataba? Ni kweli, lakini vyombo navyo vina historia yao, na historia ya pikipiki za safari ndefu ina swali ambalo linamgusa kila anayedandia bodaboda asubuhi kuwahi kazini. Nani anakijua chombo vizuri zaidi, aliyekitengeneza au anayekitumia?

Jibu la haraka ni anayekitumia. Nakubaliana nalo, lakini nusu tu. Nusu nyingine ndiyo iliyonifanya niandike.

Pikipiki iliyotoka bila nguo

Tuanzie Marekani, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikokua. Kutoka New York hadi Los Angeles kwa barabara ni zaidi ya kilomita 4,400, karibu mara nne ya safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza. Nchi kubwa namna hiyo, yenye barabara kuu zilizonyooka na mafuta ambayo kwa miaka mingi yalikuwa rahisi, lazima izae watu wanaopenda kusafiri kwa pikipiki siku nne tano mfululizo.

Oktoba 1974, kwenye maonyesho ya pikipiki mjini Cologne, Ujerumani, Honda walionyesha pikipiki mpya waliyoiita Gold Wing GL1000. Ilianza kuuzwa kama toleo la mwaka 1975. Kwa wakati ule ilikuwa kitu cha ajabu: injini ya cc 999 yenye silinda nne zilizolala, mbili kila upande, ikipozwa kwa maji kama gari. Badala ya mnyororo ilikuwa na shafti. Uzito wake bila mafuta ulikuwa kiasi cha kilo 265.

Lakini haikuwa na kioo cha mbele, wala begi, wala sanduku. Ilitoka kiwandani uchi kabisa. Mteja wa Marekani alipoiangalia aliona mashine ya kuvuka bara zima. Injini haikuchoka, haikupiga kelele, na shafti haikuhitaji kutiwa grisi kila jioni kama mnyororo. Tatizo lilikuwa la aliyekaa juu yake. Mwendo wa kilomita 100 kwa saa, upepo unakupiga kifuani kutwa nzima, mvua inakuchapa usoni, na nguo zako zimefungwa kwa kamba kwenye kiti. Ukifika, mikono imekufa ganzi.

Wenye pikipiki wakafanya kile ambacho wenye vyombo hufanya siku zote: wakatafuta cha kufunga. Na walipotafuta, walikuta kuna kijana amekwishawatangulia.

Kijana wa Illinois

Jina lake Craig Vetter. Alisomea ubunifu wa bidhaa za viwandani katika Chuo Kikuu cha Illinois, na yeye mwenyewe alikuwa mpanda pikipiki. Katikati ya miaka ya 1960 alianza kutengeneza vikinga upepo, yaani ile bodi pana ya mbele yenye kioo juu yake na taa katikati, ambayo hugawanya upepo upite pembeni ya mpandaji. Karakana yake ilikuwa Rantoul, mji mdogo wa Illinois. Mwaka 1971 alitoa kikinga upepo alichokiita Windjammer, na hicho ndicho kilichompatia jina.

Ujanja wa Vetter haukuwa kwenye umbo peke yake. Ulikuwa kwenye vyuma vya kufungia. Bodi ilikuwa ile ile moja, ila kwa kila aina ya pikipiki alitengeneza vishikio vyake. Ukiwa na Honda, unanunua vishikio vya Honda. Ukiuza Honda ukanunua Kawasaki, unahamisha bodi yako na kununua vishikio vipya tu. Mtu wa kiwandani asingeliwaza hilo, kwani yeye hupenda ununue kila kitu upya. Lilikuwa wazo la mtu anayejua bei ya vitu kwa sababu anavinunua.

Windjammer zikauzwa kwa maelfu. Gold Wing ilipofika, wengi waliipeleka moja kwa moja kufungwa kikinga upepo cha Vetter na mabegi ya pembeni, na kwa miaka mitano pikipiki maarufu ya safari huko Marekani ikawa nusu Honda na nusu kazi ya watu wengine. Vetter aliuza kampuni yake mwaka 1978. Aliona mapema kilichokuwa kinakuja? Sijui, lakini mwaka 1980 Honda walitoa GL1100 Interstate, Gold Wing ya kwanza kutoka kiwandani ikiwa na kikinga upepo na masanduku yake tayari. Mwaka huo huo Gold Wing zikaanza kuundwa Marysville, jimbo la Ohio, huko huko waliko wateja. Mwaka 1982 wakaja na Aspencade, jina lililotokana na mkusanyiko wa waendesha pikipiki huko New Mexico. Kiwanda kilichukua mabegi kutoka kwa wateja, kisha kikachukua na jina la sherehe yao!

Tusiwaonee watengenezaji wote. Harley-Davidson walikuwa na kikinga upepo chao tangu 1969. BMW, mwaka 1976, walitoa R100RS yenye bodi kamili ya kukinga upepo iliyopimwa kwenye handaki la upepo nchini Italia. Lakini hata Ulaya biashara ya vifaa vya ziada ilijengwa na wapandaji. Kampuni ya Givi ya Italia, ambayo masanduku yake unaweza kuyaona nyuma ya pikipiki hata katika barabara za Nairobi, ilianzishwa mwaka 1978 na Giuseppe Visenzi, aliyekuwa mwanamichezo wa mbio za pikipiki. Touratech ya Ujerumani, maarufu kwa masanduku ya alumini, ilianza mwaka 1990 na Herbert Schwarz, naye mpandaji.

Tairi haidanganyi

Sasa tuje kwenye tairi, maana hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Sanduku likiwa baya, nguo zitalowa. Tairi ikiwa mbaya, utazikwa.

Tairi ya upepo ilibuniwa mara mbili. Robert William Thomson wa Scotland aliisajili mwaka 1845, dunia ikampuuza kwa sababu hapakuwa na chombo cha kuihitaji. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akaibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe. Angalia tena: hakuwa mtengenezaji wa baiskeli. Alikuwa mzazi anayemwangalia mtoto akirushwarushwa juu ya mawe.

Tairi ya pikipiki si tairi ya gari iliyokondeshwa. Tairi ya gari ni bapa, kwa sababu gari hukata kona likiwa limesimama wima. Pikipiki hukata kona kwa kulala, kwa hiyo tairi yake ni ya mviringo, ili ikilala upande huu au ule, mpira uendelee kugusa lami. Sehemu inayogusa barabara kwa kila tairi haizidi sana kiganja cha mkono. Maisha ya watu wawili yanakaa kwenye viganja viwili.

Mwenye pikipiki ya safari ana matatizo mawili ambayo yanapingana. Anataka mpira laini unaong'ang'ania barabara ya mvua, na anataka mpira mgumu usioisha njiani. Tena kwa sababu safari zake nyingi ni barabara zilizonyooka, tairi ya nyuma huisha katikati na kuacha pembeni. Mviringo unageuka kuwa bapa. Anayepanda huisikia kabla ya kuiona: pikipiki inakuwa nzito kuingia kwenye kona, halafu inaanguka ghafla upande mmoja. Fundi akiangalia atasema kashata bado zipo. Mpandaji anajua kwamba pikipiki siyo ile aliyoinunua.

Kuna na suala la tyubu. Gold Wing za mwanzo zilikuwa na magurudumu ya spoki, na spoki hupenya kwenye rimu, kwa hiyo upepo haukai bila tyubu. Tyubu ikichomwa msumari, upepo unaweza kutoka wote kwa muda mfupi. Tairi isiyo na tyubu ikichomwa, mara nyingi msumari wenyewe unaziba tundu na upepo unatoka pole pole, ukakupa nafasi ya kusimama. Kwa pikipiki ya kilo 265 ikiwa na watu wawili, tofauti hiyo ndiyo tofauti ya kuchelewa na kutofika.

Kisha uzito. Chukua Gold Wing GL1800, iliyotoka mwaka 2001. Tairi yake ya nyuma imeandikwa 180/60R16 74H. Wengi hatusomi maandishi haya, kwa hiyo tuyasome pamoja. 180 ni upana kwa milimita. 60 ni urefu wa ubavu wa tairi, asilimia 60 ya upana huo. R ni redial. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 74 ni alama ya uzito, maana yake tairi hiyo inabeba hadi kilo 375. H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Tairi ya mbele ina alama ya 63, yaani kilo 272.

Jumlisha: kilo 647. Pikipiki yenyewe ina karibu kilo 400. Inabaki kama kilo 247. Weka baba na mama wa kilo 80 kila mmoja, zinabaki kilo 87. Sasa anza kufunga: sanduku la ziada, kiegemeo, redio, taa za pembeni, gadi, halafu jaza nguo, hema na zawadi za wajukuu. Na kikomo anachokiweka mtengenezaji wa pikipiki ni kidogo zaidi ya hesabu hii niliyoifanya. Kila unachokifunga juu, anayelipa ni tairi iliyoko chini.

Dunia nzima iliona jambo hili kwenye televisheni mwaka 2004, waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipozunguka kutoka London kwenda New York kupitia Siberia. Walipanda BMW kubwa zilizojaa masanduku na vifaa vya kila aina. Fremu zikaanza kuvunjika njiani. Huko Mongolia pikipiki ya mpiga picha wao ilishindwa kabisa, na kwa muda akahamia kwenye pikipiki ya kizamani ya Kirusi. Mwaka 2007, katika safari yao ya pili, walishuka Afrika wakipita Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania hadi Cape Town, mzigo ukiwa bado mwingi. Sasa mlinganishe na Ted Simon, mwandishi wa habari aliyeondoka London mwaka 1973 na kupita Kenya na Tanzania akiwa na Triumph ya cc 500 tu. Alizunguka dunia kwa miaka minne.

Wale wa upande wa giza

Gharama ya tairi imezaa ubishi mmoja mkubwa kati ya wenye Gold Wing. Tairi ya nyuma ya pikipiki ile ni ghali, na kuibadilisha ni kazi ya saa kadhaa kwa sababu lazima ufungue vitu vingi ndipo uifikie. Wapo wengi wanaosema tairi ya nyuma huwafikisha maili 10,000 au zaidi kidogo, basi. Kwa mstaafu anayesafiri kila kiangazi, hiyo ni tairi mpya karibu kila mwaka.

Ndipo wakatokea waliofunga tairi ya gari ndogo kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki. Siyo utani. Rimu ni ya inchi 16 na tairi za gari za saizi hiyo zimejaa madukani. Wanajiita watu wa upande wa giza, kwa mzaha wa filamu za Star Wars. Wanasema tairi moja ya gari huwafikisha mara mbili au tatu ya tairi ya pikipiki, inabeba mzigo zaidi, haiteleyi kwenye mvua, na bei ni nafuu. Wengine wameitumia miaka mingi na wanasimulia kwa majivuno.

Watengenezaji wa pikipiki na wa tairi wanakataa katakata. Hoja zao ni za msingi: tairi bapa ikilazwa kwenye kona inasimama kwenye ukingo wake, na ile sehemu ya tairi inayokaa ndani ya rimu haikuchongwa sawasawa kwa gari na kwa pikipiki. Wenye tairi za gari wanajibu: mimi nimeendesha maili 100,000, wewe umeendesha ngapi?

Jamani, hapa ndipo nilipoanza kukuna kichwa. Jibu hilo linasikika kama ushahidi, na ni ushahidi kweli, wa mtu mmoja. Lakini fikiria: anayesimulia safari ni yule aliyefika. Ambaye hakufika hasimulii. Ukikusanya masimulizi mia ya waliofika, bado hujui chochote kuhusu wasiofika. Hii ndiyo nusu ya pili ya jibu niliyosema nitaieleza.

Profesa aliyekwenda barabarani

Miaka ya 1976 na 1977, timu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California ikiongozwa na Harry Hurt ilifanya jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Kila palipotokea ajali ya pikipiki Los Angeles, walijitahidi kufika pale pale barabarani. Walipima alama za breki, walikagua pikipiki, waliangalia tairi, walizungumza na walionusurika. Walichunguza ajali 900 kwa namna hiyo, kisha wakapitia taarifa za polisi za ajali nyingine 3,600. Ripoti ilitoka mwaka 1981, na wapandaji wengi huiita Ripoti ya Hurt.

Sikiliza walichokikuta. Kuharibika kwa pikipiki yenyewe kulisababisha chini ya asilimia 3 ya ajali, lakini nyingi kati ya hizo zilikuwa za tairi: pancha, mpandaji akashindwa kuidhibiti pikipiki, hakuna gari jingine lililohusika. Kwa hiyo ukiondoa makosa ya binadamu na hali ya barabara, kifaa kinachoongoza kwa kuangusha watu ni tairi. Wapandaji walikuwa wanalisema hilo miaka yote. Safari hii likawa na namba.

Wakaangalia na vikinga upepo. Pikipiki zenye kikinga upepo na kioo cha mbele zilionekana kwenye ajali kwa kiwango kidogo kuliko zilivyo barabarani. Mwenye duka angerukia hapo: nunua kikinga upepo, utapona! Watafiti hawakusema hivyo. Walisema yamkini ni kwa sababu bodi ile kubwa inafanya pikipiki ionekane vizuri, na kwa sababu wanaoifunga ni wapandaji wazoefu na waliopata mafunzo. Kifaa na mtu wanakwenda pamoja.

Kisha gadi, yale mabomba ya chuma yanayozunguka injini ili pikipiki ikianguka yalinde miguu. Kila mpandaji aliamini kuwa yanalinda, na hata mimi ningeapa hivyo. Hesabu ikaonyesha kwamba majeraha ya kifundo na unyayo yalipungua kweli, lakini yale ya paja, goti na muundi yakaongezeka kiasi cha kufuta faida. Mwenye pikipiki aliyeanguka akasimama na kukuta kifundo chake kizima alikuwa na haki ya kuisifu gadi yake. Ila hakuweza kuliona goti la mwenzake aliyeanguka mtaa wa pili.

Na kuna hili: asilimia 92 ya waliopata ajali hawakuwa na mafunzo rasmi. Walijifunza wenyewe, au walifundishwa na ndugu na marafiki.

Sisemi kwamba wataalamu walikuja kuwafundisha wajinga. Maswali yote ya Hurt yalikuwa tayari yapo midomoni mwa wapandaji: je, gadi inasaidia, je, kioo kinasaidia, je, pancha inaua? Mwaka 1977, wakati watafiti wakiwa barabarani Los Angeles, wenye Gold Wing walianzisha chama chao huko Phoenix, Arizona, ambacho kiliishi hadi mwaka 2022. Kaulimbiu yao ilitaja urafiki kwa ajili ya furaha, usalama na maarifa. Neno la mwisho ndilo lililonigusa. Walielewa kwamba uzoefu ukibaki kichwani mwa mtu mmoja, unakufa naye.

Na sisi je?

Sasa turudi nyumbani. Angalia dereva wa bodaboda wa Makambako au Njombe asubuhi ya Julai. Amevaa koti zito kinyume, mgongo wa koti uko kifuani, zipu iko nyuma. Kwa nini? Kwa sababu upepo hupenya kwenye zipu na vifungo. Ile ni Windjammer yake, na haikumgharimu hata senti. Nenda Kisumu utakuta bodaboda yenye mwavuli mrefu unaomfunika dereva na abiria. Nenda kijiwe chochote cha Dar es Salaam utakuta keria ya chuma iliyochomelewa mtaani, imara kuliko ile ya kiwandani, inayobeba gunia la mkaa leo na kabati kesho. Hakuna kiwanda nchini India au China kilichobuni vitu hivi. Wamebuni wanaopanda.

Nimewahi kukaa na madereva kijiweni nikiwasikiliza wakibishana kuhusu tairi, na nawahakikishia ule haukuwa ubishi wa watu wasiojua. Yupi huisha haraka kwenye lami, yupi hung'ang'ania kwenye tope, yupi ubavu wake hupasuka ukipakia mshikaki. Tairi ya nyuma ya bodaboda nyingi ni 3.00-17 au 3.00-18, yaani upana wa inchi tatu tu, na inabebeshwa dereva, abiria wawili na mtoto katikati. Wale vijana wanaifahamu hesabu ya uzito kuliko mimi niliyeisoma kwenye ubavu wa tairi.

Lakini yameandikwa wapi? Mimi kama mwandishi nimeripoti ajali za pikipiki nisizoweza kuzihesabu, na taarifa tunazopewa karibu zote huishia pale pale: chanzo cha ajali ni mwendo kasi na uzembe wa dereva. Inawezekana ni kweli. Lakini je, tairi ilikuwa kipara? Ilikuwa na tyubu yenye viraka vingapi? Ilitengenezwa mwaka gani? Tarehe ipo pale pale ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuisoma ni kazi ya nusu dakika. Na gadi ilimlinda au ilimvunja goti? Hayo hayaandikwi, na sisi wenye kalamu hatuyaulizi. Kesho yake kijana mwingine ananunua tairi ile ile dukani kwa sababu ndiyo ya bei rahisi.

Hatuhitaji kusubiri profesa wala mfadhili. Kila kijiwe kina mwenyekiti na katibu, na wengi wana daftari la michango. Ongeza ukurasa mmoja. Tarehe ya kununua tairi, jina lake, bei, kilomita zilizosomeka siku ya kufungwa na siku ya kutolewa, pancha ngapi, na mwenzetu akianguka, tairi yake ilikuwa katika hali gani. Andika na za walioanguka, hasa hizo. Mwaka mmoja ukipita, kijiwe cha madereva 30 kitakuwa na ushahidi ambao muuza tairi yeyote ataogopa kubishana nao.

Kwa hiyo nani anaijua pikipiki? Anayeipanda. Ila anachokijua kitamsaidia mwenzake siku kitakapowekwa kwenye karatasi. Wewe unayepanda bodaboda kila siku, leo jioni kabla hujamlipa dereva, inama uangalie tairi ya nyuma. Halafu muulize ameifunga lini, na imemfikisha wapi. Utashangaa anajua mambo mangapi, na ni mara ngapi ameulizwa.